Vitabu vitatu, miezi sita na elfu 35 iliyopotea dirishani

Naandika hii kwa sababu juzi kati kuna dada mmoja mteja wangu kanikuta na kitabu cha hadithi cha Kiingereza, The Hunger Games, mkononi akaniuliza hivi na mimi naweza kusoma hicho kizungu chote? Nikamwambia kaa hapo kwenye benchi nikusimulie, akasema ana haraka daladala inamsubiri, basi nawasimulia nyie.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mtwara mjini, kibanda changu kipo jirani na stendi, kidirisha kimoja, kiti kimoja, na feni ambayo inazunguka ikijisikia. Form foo nilimaliza lakini Kiingereza nilikiacha palepale kwenye chumba cha mtihani na wala sikugeuka nyuma. Tangu hapo Kiingereza changu ni cha kusoma meseji za mtandao na maelekezo nyuma ya dawa ya mbu, hicho tu.

Sasa Januari 2024 mtoto wa dada yangu akahamia kwangu kuanza form tuu, mama yake yuko Dar mambo yalimbana. Huyu binti ananiita mamdogo na anaongea kuliko redio. Likizo ya Desemba alikuwa kaangalia ile muvi ya Hunger Games iliyotoka mwishoni mwa 2023 na tangu ashuke kwenye basi hana stori nyingine. Shuleni wakamwambia Kiingereza chake kibovu, asome vitabu vya hadithi nje ya vile vya darasani. Nikapiga hesabu, tuisheni elfu 20 kwa mwezi, kitabu kimoja cha mtumba unapata chini ya hapo na hakiishi mwisho wa mwezi. Nikasema sawa, tunanunua hivyo vya muvi yako. Na mimi nitasoma nikuulize maswali, usije ukanidanganya umesoma kumbe unachati. Hapo ndo nilipojiingiza.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata kitabu hakijafungwa kwenye bahasha. Nilimpigia muuza vitabu vya mtumba Dar, nikamwambia naomba kile cha mwanzo wa stori. Ona nilivyosema, cha mwanzo wa stori. Jamaa akanitumia kinene, kurasa zaidi ya 500, elfu 12 na nauli ya basi elfu 5. Tukafungua, tunakuta kijana anachemsha kabichi. Tukasoma. Binti akakata tamaa sura ya 3, mimi nikajikaza mpaka ya 6 nikiwa najiona mjinga maana kila ukurasa unaongea kama vile hawa watu nawajua, huyu ni nani, kwa nini jina lake linatajwa kama kitu kikubwa, mi sijui. Nikaamini kabisa kwamba tatizo ni mimi na kizungu changu.

Kumbe kile kitabu kinahusu mambo ya miaka 64 kabla ya hadithi yenyewe lakini kimetoka 2020, wakati kile cha kwanza kabisa kimetoka 2008, cha pili 2009, cha tatu 2010. Mwandishi, Suzanne Collins, aliandika kikubwa kwanza halafu baada ya miaka kumi ndo akarudi kusimulia yule rais mzee mbaya wa kwenye hadithi alikuwaje ujanani. Ukianzia kwenye ujana wake utamuona kijana tu ana njaa anataka shule. Lazima kwanza umchukie ndo uje umuone mtoto. Kwahiyo ukitaka kununua mtajie muuzaji jina la kitabu na mwaka, usiseme "cha kwanza", maana kila mtu ana cha kwanza chake. Vitatu vya mwanzo vinaitwa The Hunger Games, Catching Fire na Mockingjay, vifuate hivyohivyo.

Basi nikaagiza upya. Alikuwa navyo cha kwanza na cha pili, elfu 10 kila kimoja, cha tatu akasema akikipata atanitafuta. Nauli tena. Hapo nimeshatumia elfu 42 na sijamaliza hata sura moja inayoeleweka.

Kosa la pili lilinichosha zaidi, nalo ni kamusi. Nina kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili, ya marehemu kaka yangu alikuwa mwalimu. Nikasema mimi nitasoma kisomi. Kila neno nisilolijua naangalia, naandika pembeni kwa penseli. Ukurasa wa kwanza ulinichukua jioni mbili, wateja wanakuja wanaondoka, mimi nipo kwenye herufi R. Neno "reaping" limo ukurasa wa kwanza kabisa, kamusi inasema kuvuna. Nikajua aa, hawa ni wakulima, leo ni siku ya mavuno, mbona sasa mtoto kaota ndoto mbaya usiku kucha? Mavuno si furaha? Nikaenda hivyo kurasa kadhaa nikiwa nasubiri shamba litokee. Halikutokea. Lile neno ni jina la siku ya kuokota watoto kwa kura wakapelekwe kuuana mbele ya kamera. Watoto wa miaka 12 mpaka 18, wilaya 12, kila wilaya mvulana mmoja na msichana mmoja, wote 24, anarudi mmoja.

Nilipokuja kuelewa nilifunga kitabu nikatoka nje nikanunua maji.

Halafu likaja neno "tessera". Hilo kwenye TUKI sikuliona kabisa. Kwenye simu nikaambiwa vile vigae vidogo vya urembo wa sakafu. Sasa huyu msichana, Katniss, anasema alijiandikisha kupata vigae akiwa na miaka 12 ili familia ipate kula. Nikabaki nakodoa macho. Binti nae hajui, kaniambia mamdogo ruka tu. Sikuruka, nikasoma ile aya kama mara nane, nikaanza kupata picha lakini haijakaa.

Jumapili huwa nampigia baba, yuko kijijini Newala na mikorosho yake. Baada ya shikamoo, marahaba, mvua, salfa ya mikorosho, mguu wake, nikakosa cha kusema nikamsimulia kitabu. Nikamwambia baba kuna nchi inaitwa Panem, wanasema ipo palepale ilipokuwa Amerika Kaskazini, imeharibika imebaki mji mkuu unaoitwa Capitol na wilaya 12. Huyu mtoto anatoka wilaya ya 12. Akanikatisha, "Mkuu wa wilaya nani?" Nikamwambia baba hakuna mkuu wa wilaya, subiri. Nikamweleza kura. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia mara moja, mwaka unaofuata mara mbili, hivyo hivyo. Ila kama nyumbani kuna njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake, wanampa nafaka na mafuta ya mwaka mzima ya mtu mmoja, ndo hiyo tessera, na akitaka anaongeza kwa kila mtu wa nyumbani. Na majina hayafutiki, yanajilimbikiza.

Baba akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Kangomba hiyo," akasema.

"Baba, hawa ni wazungu, kangomba wapi."

"Unachukua leo kwa shida, unalipa msimu ukifika, ukishalipa cha kula hakijabaki, unachukua tena. Kangomba hiyo mama."

Kwa msiotoka kusini: kangomba ni pale mtu anakupa hela wakati korosho bado ni maua juu ya mti, ada imefika, mgonjwa kazidiwa, huna namna. Msimu ukifika unampimia kwa chombo chake na kwa bei yake, wenzako wanasubiri mnada wa chama cha ushirika wewe zako zilishakwenda. Inakatazwa kila mwaka na kila mwaka ipo kwa sababu shida nayo kila mwaka ipo.

Halafu baba akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote hajawahi kunambia. Kwamba mwaka ninaingia form wani alichukua kangomba. Godoro, viatu, michango, ndoo, yale madaftari makubwa. Na kutoka kwenye lile shimo ilimchukua misimu mitatu. Akasema kawaida tu kama anazungumzia mbuzi aliyekufa zamani. Lile godoro nalikumbuka, lilikuwa na maua ya bluu na lilinuka harufu ya dukani mwezi mzima. Sikujua lilinunuliwa kwa korosho ambazo hazijazaliwa.

Tangu siku hiyo kitabu kikafunguka. Usiku ule mimi na binti tukakaa na daftari la miamala tukageuza ukurasa wa nyuma. Kitabu kinasema Katniss ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale ana 18, lake limo mara 42. Binti akasema haya majamaa wameokoteza namba tu. Nikamwambia tuhesabu. Katniss alianza na 12, kila mwaka moja la lazima na matatu ya chakula, lake, la mama yake na la mdogo wake Prim. Manne kwa mwaka. Miaka 12, 13, 14, 15, 16, hiyo mitano. Nne mara tano, 20. Gale kwao watu watano, kila mwaka matano ya chakula na moja la lazima, sita, kwa miaka saba, 42. Binti akaruka juu kama kafunga goli. Mwandishi amepiga hesabu kweli! Na mtoto wa tajiri wa mji hana la chakula hata moja, umri wake ukifika 18 ana 7 tu. Wote wanaambiwa kura ni ya haki. Mtoto ambaye shuleni hesabu anapata 30 kapiga mahesabu yote yale mwenyewe na kunifundisha mimi kwamba la Prim, kwa kuwa ndo kwanza ana 12 na dada yake kakataa asiongeze la chakula, limo mara moja tu. Kikaratasi kimoja kati ya maelfu. Sasa nenda kasome sura ya kwanza inaishaje.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kusoma na hii ndo ningetaka mtu aniambie mapema. Sura nzima nasoma bila kamusi, sielewi sawa, naenda. Neno lisiloeleweka napigia mstari. Likijirudia mara tatu ndo naliangalia, lisipojirudia linaenda na maji. Na sentensi ikinishinda nisijiulize neno hili ni nini, najiuliza hapa nani anampa nani nini, na nani anapata hasara. Mi ni wakala, hiyo kazi naijua! Ndani ya wiki mbili nikawa nafika sura moja kwa siku. Kila kitabu kina sura 27, vyote vitatu, kwahiyo ukiweka sura moja kwa siku kitabu ni chini ya mwezi. Nakuonya tu kila sura inaishia pabaya, makusudi kabisa, usianze sura mpya saa nne usiku kama una kazi asubuhi.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kwamba vyote vitatu anasimulia yeye mwenyewe Katniss, na anasimulia kama vile linatokea sasa hivi, natembea, naona, nasikia. Sentensi fupi. Kiingereza cha watoto wa sekondari kwao. Ukilinganisha na vile vitabu tulivyolazimishwa shuleni hiki ni uji.

Na mambo mengine yalikuwa ya nyumbani kabisa mpaka nacheka peke yangu dirishani. Wilaya ya 12 wao ndo wachimba makaa ya mawe, makaa yanakwenda kwa wengine, halafu wenyewe umeme wanaona masaa mawili matatu jioni. Nilisoma hiyo na tochi ya simu. Gesi ya kuzalisha umeme inatoka Msimbati, hapahapa kwetu Mtwara, sitasema zaidi. Au jina lake Katniss, lile ni jina la mmea una viazi vidogo vinachimbwa kwenye maji, na siku familia ilipokuwa inakufa njaa alienda kuvichimba wakachemsha wakala. Si ming'oko hiyo? Bibi yangu alikuwa anaingia porini na jembe bovu anarudi na ming'oko kwenye kanga, chemsha na chumvi, menya, mnakula mnalala. Watu wa huko bara wakija hapa wakiona kinamama wanauza ming'oko barabarani wanadhani ni kitafunwa. Nacho ni kitafunwa siku hizi, ndio, ila waulize wazee.

Kosa la tatu ni la aibu kidogo. Nilinogewa. Jioni nikawa natandika mkeka barazani nawasimulia watoto wa jirani, paukwa pakawa, nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo natoa kwa Kiswahili. Wakawa wanakuja saba, nane, na sahani zao. Nilifurahi kwakweli, nilijiona bibi. Tukafika mwisho wa cha kwanza, kuna wanyama wa kutengenezwa wanatokea, na macho yao ni ya wale watoto waliokufa. Nikasimulia na sauti nikabadilisha. Asubuhi mama wa jirani kaja kwangu na shuka mkononi, hajasalimia hata. Mwanae wa miaka 7 kakojoa kitandani na kagoma kwenda chooni peke yake, wiki nzima. Nikaomba radhi nikafua lile shuka mwenyewe. Kwahiyo chini ya miaka 12 hapana, na hata wa 12 soma nae, usimrushie tu kitabu kwa sababu kina picha ya ndege. Mtoto anauliza kwa nini wakubwa wanaangalia na kushangilia, hilo swali anatakiwa awepo mtu wa kulijibu. Mimi lilinishinda, nilisema tu hata sisi vibanda umiza tunalipa tuone watu wanapigana, binti akasema mamdogo ile ni maigizo, nikasema na wale wa Capitol walikuwa wanaona hivyohivyo. Collins mwenyewe alishaeleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja anabadilisha chaneli za runinga, huku shindano la vijana, huku vita ya Iraq, vikamchanganyikia.

Muvi nayo. Binti alipata flashi ya zile za mwanzo, zimetafsiriwa na hawa ma-DJ wetu, tukaziangalia katikati ya kitabu cha pili. Tusingefanya. Mtafsiri kamgeuza yule mzee mlevi Haymitch, anayemfundisha Katniss kabla ya michezo, kuwa konda wa Manzese, tulicheka tukalia, lakini sasa kila nikisoma namsikia yule DJ. Na kwenye muvi huingii kichwani mwa msichana, unamuona tu kanuna. Soma kwanza.

Cha pili sitakieleza sana, tulikimaliza kwa siku 20, ni kitamu kuliko vyote, kinaisha kwa sentensi moja inayokuacha umesimama. Sasa hapo ndo shida ilipoanza maana cha tatu hatuna.

Yule muuzaji akapiga mwishoni mwa mwezi wa 4, kimepatikana, elfu 15 safari hii, kajua nimenasa. Nikatuma hela, kitabu kikapakiwa kwenye basi. Na hapohapo mwanzoni mwa mwezi wa 5 kikaja kimbunga Hidaya, mvua ile mnaikumbuka, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, Kilwa. Magari yamesimama huku na huku. Watu wana wagonjwa, wana misiba, vitu vimepanda bei sokoni, mimi nampigia konda namuuliza kitabu changu kimelowa? Aibu naona sasa, ila wakati ule nilikuwa siko sawa.

Binti akasema tushushe pidiefu. Kapata kwenye grupu la Telegram, bure, tukashangilia. Lile faili ukurasa wa kwanza kabisa kuna mtu kaandika muhtasari na kataja nani anakufa. Wa kwanza kabisa! Nilifunika simu na kanga kama vile inasaidia. Na lenyewe lilikuwa na sura 19 tu, kwingine kurasa zimepigwa picha upande, unasoma shingo imepinda. Nikasema tutafute jingine, tukalala, tarehe 12 ile Jumapili intaneti ikafa nchi nzima, nyaya za baharini zimekatika. Barabara imekatika, nyaya zimekatika, Katniss yuko wilaya ya 13, ile waliyoambiwa ilishateketezwa, chini ya ardhi na mimi niko Mtwara juu ya ardhi, wote hatuna taarifa. Binti akasema mamdogo labda Capitol ndo wamefanya. Nilicheka hapo kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Kitabu kilifika, bahasha ina tope, ndani kikavu, konda kakiweka chini ya kiti chake. Mungu ambariki yule kijana, nilimpa elfu 2 ya soda. Ushauri wangu hapa ni mmoja: ukianza, nunua vyote vitatu siku moja, nauli ya basi moja, ukusanye hela hata miezi mitatu kuliko kununua kimojakimoja kama mimi. Nauli peke yake nimelipa mara tatu, elfu 15, hiyo ni bei ya kitabu kizima.

Cha tatu ni kizito. Nimeona wengi wanakisema vibaya, kwamba msichana amelegea, analala kabatini, analia, hapigani. Mi nadhani hao walitaka michezo iendelee, na hapo hawana tofauti na wale wa Capitol. Mtu aliyeua akiwa na miaka 16 atakuwaje? Hapo ndo unajua hata jina Panem limetoka kwenye kilatini, mkate, kwamba wape watu mkate na michezo hawatauliza kitu. Binti alikiona kinachosha, akaniacha nyuma sura ya 10 akarudi kwenye simu yake, nikamwacha. Nilisoma peke yangu.

Na nilisoma kazini, hilo ndo kosa la nne na la gharama kuliko yote. Niko sura ya 24, inaisha na jambo ambalo lile faili lilishaniambia na bado sikuamini. Dirishani kuna mbaba anatoa elfu 15. Nimeona meseji imeingia, nimehesabu noti, nimempa, kasema asante, kaondoka, mimi machozi yanadondokea kwenye daftari. Saa mbili usiku nafunga hesabu, elfu 35 haipo. Nimempa elfu 50. Namba yake ilikuwepo kwenye muamala nikapiga, kakiri, kasema alidhani nimemtania, karudisha elfu 20 na ile 15 iliyobaki mpaka leo ananiambia wiki ijayo. Kwahiyo hata kichwa cha habari hapo juu nimedanganya kidogo, imepotea 15. Ila usiku ule ilikuwa 35 na nililala nayo.

Usisome cha tatu ukiwa unashika hela za watu. Kisome nyumbani, mwisho wa wiki, na uwe na mtu wa kuongea nae ukimaliza. Mimi nilimaliza saa saba usiku binti kalala, nikatoka barazani nikakaa na mbu.

Mwaka 2025 binti kaingia form three, Kiingereza kapanda, sio sana, kutoka F mpaka C, na kile kinene cha kabichi alikirudia mwenyewe baadae na anasema ndo kizuri kuliko vyote, haya. Mwaka huohuo wa 2025 mwezi wa 3 kikatoka kingine kinachomhusu Haymitch alipokuwa kijana, mwaka ule walichukua watoto 48 badala ya 24. Hicho nakisubiri kifike kwenye mtumba, kipya siwezi. Cha kwanza kipo kwa bodaboda mmoja hapa stendi, kafika sura ya 9, kimeshapata doa la oili. Cha pili sijui kiko kwa nani.

Baba nae nilimsimulia kila Jumapili mpaka mwisho, karibu miezi minne, na alikuwa anakumbuka kuliko mimi. Hata juzi hapa baada ya shikamoo na marahaba na bei ya mnada, kaniuliza tena, yule mdogo wake Katniss, yule aliyekuwa na mbuzi, hajambo? Maana mwisho ule uliuharakisha.

Nikamwambia hajambo baba, amekua, ni daktari sasa.

"Afadhali," akasema. "Maana jina lake lilikuwa moja tu."